Karatasi ya Kusahau

Wekesa mwanangu,

"Anayekumbuka alichotoa hakutoa, aliuza."

Sentensi hiyo umeiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa chumba chako, na wiki hii umenisomea mezani mara tatu, kila nilipofungua mdomo kuhusu safari yako ya Entarara, kujiunga na chama cha Bila Bei. Mara ya tatu ukaongeza, "Mathe, jibu hiyo. Wacha kuzunguka."

Haya, naijibu. Ni uongo. Ni uongo uliopigwa pasi na kuvalishwa tai. Una mizani, unakaa vizuri mdomoni, na ndiyo sababu watu wanaumeza bila kutafuna. Anayekumbuka alichotoa hajauza kitu. Muuzaji ndiye anayesahau. Mwenye duka pale kwetu ameniuzia mkate miaka kumi na hakumbuki hata mmoja, na hana sababu ya kukumbuka, kwa kuwa nililipa na tukaachana. Kusahauliana ndiyo kazi hasa ya pesa. Sasa chama kinachotangaza kwamba kitaifuta pesa duniani, halafu kinaanza kwa kuwafundisha watu kusahau, kimeuchukua ugonjwa wenyewe kikaubandika karatasi ya dawa.

Ninajua ni uongo kwa sababu nyingine pia. Mimi ndiye niliyeuandika.

Hukujua hilo. Kile kijitabu cha chama ulichokitoa chini ya sanduku langu hakina jina la mwandishi, kwa maana tuliamua kwamba jina nalo ni bei. Ulidhani mama yako alikuwa mmoja wa waliokaa nyuma wakipiga makofi. La. Niliandika kurasa zote, kwa siku tisa za likizo ya Agosti, kwenye meza hii unayokunywia chai. Hao vijana waliokuja chuoni kwenu kukuhubiria walikuhubiria maneno ya mama yako, na wewe ukarudi nyumbani kunipiga nayo. Nilistahili.

Sitakuambia ubebe sweta. Entarara iko chini ya Mlima Kilimanjaro, na baridi ya huko itakuambia yenyewe. Baba yako ameshaitia begi lako kamba mpya, na nyanya yako amepiga simu kutoka Bungoma akaomba mpaka salio likakatika. Hayo yamekwisha. Kesho asubuhi unaondoka, na kabla hujaondoka nataka ujue nilichofanya.

Kwanza, usidhani nimegeuka mtumishi wa pesa. Bado inanitapisha. Sisi tulifika Kitengela wakati punda milia walikuwa wakipita nyuma ya nyumba tuliyopanga, na ukitaka kujua mpaka wa mtu ulimuuliza mwenyewe. Leo ni nyaya, ni mawe ya mpaka, ni mbao za "Ploti Zinauzwa" mpaka mlangoni pa makaburi. Nimeona mzee akishushwa kwenye gari la broka, amevishwa koti jipya na miwani ya jua, ananuka chupa, anatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kusoma, na wanawe wamesimama kando wakitazama viatu vyao. Nimeona mhubiri akiziombea hati za ploti madhabahuni, amezipanga kama mikate ya ushirika. Nimeona walimu wenzangu, watu wenye digrii, wakiwaachia wanafunzi darasa saa nne ili wakawahi foleni ya upatu.

Na wewe uliona zaidi. Miezi sita ulifanya kazi katika ofisi ya broka juu ya lile duka la dawa, ukiwapeleka wateja kuona ploti. Siku uliyogundua kwamba umewaonyesha watu watatu ploti moja, na wote watatu wamekwisha kuilipia, ulikuja nyumbani ukanawa mikono hadi viwikoni. Nikakuuliza, "Kuna nini?" Ukasema, "Hakuna kitu, mathe. Hii maji haitoi." Hukula chakula siku hiyo, na kesho yake hukurudi kazini. Nilikuheshimu kuliko siku ya matokeo yako ya mtihani. Kichefuchefu hicho umekirithi kwangu. Ndiyo maana watu wa Bila Bei walipokupata hawakuhitaji kulima. Walikuta shamba limeshapinduliwa, wakapanda tu.

Basi sikiliza jinsi chama kilivyoanza.

Matayo, ambaye nyinyi sasa mnamwita Mwenzetu, alikuwa karani katika ofisi moja Kajiado. Kazi yake ilikuwa kupanga mafaili ya kesi za ardhi, na alikuwa amesoma uchafu wa kutosha kumfanya mtu aache dunia au aichukie. Ana sauti ya chini, na tabia ya kukushika kiwiko mnapokubaliana. Tulikuwa walimu wanne, fundi viatu, akina mama wa sokoni, vijana waliokuwa wamefutwa viwandani, na Wairimu, msichana kutoka Murang'a aliyekuwa mpishi wa hoteli. Wairimu aliweza kupikia watu arobaini kwa sufuria mbili bila kupandisha sauti.

Tulipata banda la mabati kando ya barabara ya Namanga. Sheria ilikuwa moja: hakuna bei. Anayeshona viatu ashone, anayefundisha afundishe, mboga ziwekwe katikati, kila mtu achukue kinachomtosha. Sitakudanganya kwamba haikuwa nzuri. Mtoto wa muuza makaa alijifunza hesabu kwangu na babake akatuletea makaa, na hakuna aliyeuliza ngapi kwa ngapi. Nilitembea Kitengela miezi kadhaa nikiwatazama watu wa kawaida kwa huruma, kama mtu aliyeokoka jana.

Jambo ambalo halimo katika kijitabu ni unga. Mboga zilipatikana, viatu vilishonwa, lakini unga wa ugali ulitoka kwa baba yako. Yeye alikuwa katika kiwanda cha saruji Athi River, anapumua vumbi, analipwa mwisho wa mwezi. Alikuwa akirudi jioni, anavua buti mlangoni, ananiuliza:

"Leo mmekomboa dunia?"

"Usitudharau, Baba Wekesa."

"Siwadharau. Nauliza tu hiyo dunia imekombolewa inakula nini, ndio nijue nikipitia dukani."

Nilimwita mtumwa wa mshahara, mbele ya wageni. Alicheka akaenda dukani. Sisi tulioizika pesa tulilishwa na mshahara miaka minne, na katika kurasa zote nilizoandika hakuna neno moja juu ya mtu huyo. Na nauli yako ya kesho, mwanangu, ya kukupeleka mahali pasipo na pesa, imetoka mfukoni mwake yeye yule.

Lakini hilo si kosa ninalotaka kukueleza. Kosa lenyewe linamhusu Mama Naserian.

Ulipozaliwa niliugua homa ya matumbo, na maziwa yakanikauka ukiwa na wiki tatu. Maziwa ya ng'ombe uliyatapika. Ulikuwa umebaki macho. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Naserian, mke wa pili wa mzee mwenye boma ng'ambo ya korongo. Tulikuwa hatujuani zaidi ya salamu. Alisikia kilio chako siku mbili, siku ya tatu akaja na mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja la kahawia, amemfunga kamba ya gome.

"Hii maziwa ya ng'ombe iko nzito kwa tumbo yake," alisema. "Huyu ni wa mtoto."

Nilikimbilia mkoba. Alinitazama kama nimetoa kisu.

Wamaasai wana desturi ambayo sijaisoma katika kitabu chochote cha wanauchumi, na nimesoma vingi. Mbuzi kwa lugha yao ni enkine. Mtu akikupa mbuzi kwa urafiki, kuanzia siku hiyo mnaacha kuitana kwa majina. Wewe unamwita Pakine, naye anakuita Pakine, mpaka kifo. Kila mkisalimiana mnaitaja ile zawadi. Aliyetoa anakumbuka, aliyepokea anakumbuka, na hata mtoto anayepita njiani anasikia na kujua kuna nini kati ya wale wawili. Hakuna anayedai. Hakuna anayelipa. Lakini siku ya shida unajua mlango wa kubisha.

Kwa hiyo nilikuwa Pakine. Miaka tisa, mimi mwanamke Mbukusu niliyepanga nyumba ya mabati, nilikuwa na jina katika boma la watu. Yule mbuzi alikulea, akazaa, na watoto wake wakazaa. Mwaka tuliofanya sherehe tulikuwa na saba.

Sherehe yenyewe tuliiita Siku ya Kuzika Bei. Fundi alitengeneza jeneza dogo, kila mwanachama akatia sarafu alizokuwa nazo, tukachimba shimo nyuma ya banda tukalizika huku tukiimba. Asubuhi yake shimo lilikuwa limefukuliwa na jeneza limelala kando, tupu. Matayo alisema wananchi hawajawa tayari. Mimi nikaandika sura nzima juu ya wananchi kutokuwa tayari. Hukuiona hiyo sura? Ni ya tano. Wezi wa jeneza ndio watu pekee walionunua kitu siku ile. Sisi wengine tulikula cha watu.

Kwa maana karamu ilihitaji nyama. Matayo alinishika kiwiko akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unayetuandikia. Anza wewe." Nikaanza mimi. Nilitoa mbuzi wote saba, nikijiona mkubwa, nikiwaambia watu kwamba hakuna changu wala chako. Wairimu alikuwa ndiye anayepika. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, na mwenye kuwatoa? Hatumwambii?"

Nikamwambia, "Mbuzi hawana mwenyewe, Wairimu. Ndiyo maana ya siku ya leo."

Akaendelea kukata vitunguu.

Kisha mvua ikakosa, ikakosa tena. Unakumbuka ule ukame. Mlikuwa mnapita kando ya mizoga mkienda shule. Mama Naserian alikuja siku moja saa nne asubuhi, wakati wa mkutano. Alisimama mlangoni pa banda, shuka limebadilika rangi kwa vumbi.

"Takwenya, Pakine."

"Iko," niliitikia salamu yake ya Kimaasai, na watu wote wakageuka.

"Pakine, mbuzi zangu zimeisha. Nimebaki na mbwa. Nipe moja tu, jike, nianze tena."

Sikuwa naye hata mmoja. Ningeweza kumwambia hivyo. Ningeweza kutoka nje, kumshika mkono, kumwambia ukweli kwamba niliwachinja wote kwa siku moja ili nionekane, na kulia naye. Lakini watu walikuwa wakinitazama, na Matayo akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mwalimu, mweleze mama. Hapa hakuna mtu maalumu."

Nikasimama. Nikamwambia, kwa Kiswahili safi cha darasani: "Mama Naserian, anayekumbuka alichotoa hakutoa, aliuza."

Walipiga makofi. Wekesa, walipiga makofi! Mtu amekuja na njaa, na arobaini waliovimbiwa haki wanapiga makofi.

Alingoja yaishe. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alisema, "Mimi sikuuza. Kama niliuza ningeenda soko, singekuja kwako." Akauliza, "Mtoto ako mzima?" Nikasema uko mzima. Akashukuru kwa Kimaasai, "Ashe. Haya, Mwalimu."

Mwalimu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Ni Wairimu aliyetoka akamfuata na kibuyu cha uji. Mimi nilikaa, nikaendelea na ajenda.

Baada ya wiki mbili nilishindwa kulala. Nilichukua pesa kwa baba yako, naye hakuuliza za nini, nikaenda soko la mifugo Kajiado. Ungecheka. Mama wa Bila Bei amesimama juani katikati ya kinyesi, anabishana na mchuuzi, anasema, "Punguza, bwana, huyu amekonda!" Nikapata jike mzuri. Nilimvuta hadi kwenye boma la Mama Naserian.

Alimkagua meno, akampapasa mbavu, akasema, "Mzuri. Ni ya nani?"

"Ni yako."

"Umenunua?"

"Nimenunua."

Akanirudishia kamba mkononi. "Ile yangu ilikuwa na watoto. Hawa ningewajua. Huyu ni wa soko, hajui mtu. Peleka tu, Mwalimu, ukule na watoto."

Nilirudi na mbuzi. Kabla ya mwaka kuisha mzee wake, akiwa hana mnyama hata mmoja wa kumfanya akatae, alitia kidole gumba kwa broka. Zile nyumba za ghorofa nyuma ya kituo cha mafuta, zenye maji ya kijani kwenye tangi, ndipo lilipokuwa lile boma. Sisemi mbuzi mmoja angeliokoa. Nasema sitajua kamwe, na nimejinyima mwenyewe haki ya kujua. Ninapowatukana mabroka mezani kwa sauti, jambo unalolipenda na kuniigiza kwa wenzako, ujue kuna broka mmoja ninayeruka jina lake. Ana shahada ya historia na ni mama yako.

Niliacha kwenda mikutanoni. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi ya pale mlangoni, maana pale nilikuwa mjinga, hapa nilikuwa mwoga. Unanijua. Nimewaandikia wahariri wa magazeti kuhusu vitabu vya shule, kuhusu wabunge, kuhusu vumbi la saruji, kuhusu mchungaji wa madhabahu ya hati mpaka akanitaja kanisani kama pepo. Kuhusu Bila Bei sikuandika hata mstari. Nilinyamaza kwa sababu ningelazimika kuandika dhidi yangu. Chama kikahamia Entarara, kikapata shamba, na kikaondoka na karatasi zangu zote.

Zote, pamoja na moja ambayo haimo ndani ya kijitabu. Hiyo utaiona ukifika. Inaitwa Karatasi ya Kusahau. Niliitunga mimi pia. Inasema: "Mimi fulani nasahau kila nitakachotoa kuanzia leo, na sitakidai kwa mtu yeyote, kwa jina wala kwa kitu." Mstari chini, tarehe, sahihi. Niliandika nikidhani ni sala. Matayo, ambaye alikuwa karani, aliijua ni nini tangu siku ya kwanza.

Wairimu aliitia sahihi. Alikwenda Entarara na kundi la kwanza na akapika huko miaka mitatu. Babake alipofariki alimwendea Matayo akaomba nauli ya Murang'a, na kitu kidogo cha kushika mkononi, maana binti hafiki matangani na mikono mitupu. Matayo alimshika kiwiko. Akamsikitikia sana. Kisha akafungua faili akamwonyesha sahihi yake.

Akamwambia, "Wairimu, ulisahau kwa hiari yako. Unataka kuanza kukumbuka leo?"

Alitembea hadi Loitokitok, akaomba lifti kwenye lori la nyanya, akashuka Emali, akafika mlangoni petu siku ya pili. Ulikuwa shule. Alikuwa na beseni moja na leso. Alinisalimia, akakaa, akasema bila ubaya wowote, "Mwalimu, ile karatasi yako imenifukuza." Babake alikuwa ameshazikwa.

Nikamuuliza, "Vitunguu vinaenda wapi, Wairimu?" Kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba shamba linatoa vitunguu.

"Vinapanda lori kila Jumanne, Mwalimu."

"Na lori linarudi na nini?"

"Linarudi na Matayo."

Alicheka, nami nikacheka. Lori halinywi maji ya mto, mwanangu. Kuna mtu katika mahali pale pasipo na bei anayejua bei ya kitunguu Nairobi kila Jumanne asubuhi. Nyinyi mtakaolima ndio hamtaijua. Wameifuta pesa upande mmoja tu wa ua. Broka wako alimfanya maskini asahau shamba lake kwa chupa na koti. Huyu wetu anatumia sentensi nzuri, na sentensi ni rahisi kuliko koti.

Mwaka juzi nilikwenda Namanga. Nilisikia kwamba Mama Naserian anauza shanga pale mpakani, kwa wageni wanaosubiri pasipoti zao kugongwa muhuri. Nilimkuta ameketi na wenzake, bangili zimetandazwa juu ya gunia. Amezeeka. Alinitambua papo hapo, niliona.

"Supa, Mwalimu."

"Ipa. Nimekuja kukuona."

"Umeniona. Karibu, chagua."

Nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimeitunga tangu nyumbani. Akanisikiliza akiwa anatunga shanga, na nilipofika katikati akachukua bangili nyekundu akanivalisha, akageuza mkono wangu kuona kama inakaa. Akataja bei. Ilikuwa bei ya mzungu. Sikubisha. Nilimpa noti, akaenda kutafuta chenji kwa mwenzake, akarudi, akaniwekea yote mkononi mpaka shilingi ya mwisho, akasema, "Tumemalizana." Akamgeukia dereva wa lori aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho vitabu vyangu vyote havikunieleza. Tulihubiri kwamba pesa inaua undugu. Pale Namanga haikuua kitu. Aliyeua ni mimi, miaka mingi nyuma, na sentensi mdomoni. Pesa ilikuja tu kuzika. Yule mama aliichagua kwa makusudi, kama mtu anavyofunga mlango taratibu ili asiamshe watoto. Alinipa adhabu ya haki: alinifanya mteja.

Sikutumi kwake. Najua ulivyo, ungeshuka Namanga kesho na kujitangaza kuwa mtoto wa mbuzi mweupe. Usifanye hivyo. Usiende kumfanya aliye na uchungu awe na kazi ya kukusamehe kwa niaba ya mama yako. Nitarudi mwenyewe, na ikibidi nitanunua bangili mpaka nizeeke.

Wala sikuzuii kwenda. Ningekuzuia ungekwenda na hasira, na mtu mwenye hasira hutia sahihi chochote. Kunaweza kuwa na vijana wema huko, tena wengi. Sisi pia tulikuwa wema. Kaa nao. Lima. Ukipewa chakula, uliza ni nani aliyepika, mwite kwa jina, na kesho umwulize tena kama amelala vizuri. Utaonekana mtu wa zamani. Kubali kuonekana hivyo. Na mtu akisema jambo ambalo watu wote wanalipigia makofi, usitazame wanaopiga. Mtafute aliyesimama mlangoni.

Lakini ile karatasi, Wekesa, usiitie sahihi. Hata wakikuonyesha kwamba wote wametia. Hata akikushika kiwiko. Watakuambia kwamba bila sahihi huwezi kuingia. Basi utakuwa umeonyeshwa mapema ni mlango wa namna gani, na hiyo ni bahati ambayo Wairimu hakuipata. Waambie ukweli: kwamba huwezi kuahidi kusahau, kwa kuwa uliishi kwa kitu ambacho mtu alikitoa na kukikumbuka. Ukitia sahihi, hutakuwa umejitoa wewe peke yako. Utakuwa umetia sahihi kwamba mama yako alikuwa na haki siku ile mlangoni. Sikuwa na haki. Nakuomba usinipe.

Uliniuliza juzi, "Kwani mathe uliacha kuamini?" Sikukujibu kwa sababu baba yako alikuwa anacheka. Sikuacha. Ninaamini kwamba watu wanaweza kuishi bila kuuziana kila pumzi. Nimeishi hivyo miaka tisa na mwanamke ambaye lugha yake sikuijua. Alikuwa ng'ambo ya korongo wakati wote nilipokuwa naandika jinsi jambo hilo litakavyoanzishwa.

Nenda salama.

Mama yako.

Na nyinyi mlioko Entarara, najua Wekesa akifika nayo mtaisoma barua hii kwa sauti mbele ya wote, kwa sababu kanuni kwamba hakuna barua ya mtu mmoja niliiandika mimi. Vizuri, someni mpaka hapa. Maneno ya kile kijitabu ni yangu na nayachukua. Matayo, fungua hilo faili leo, mbele ya watu hawa, utoe Karatasi za Kusahau zote, umrudishie kila mmoja yake mkononi huku ukimwita kwa jina na kutaja kazi aliyoifanya. Pesa za lori la Jumanne zigawiwe waliolima na waliopika. Walioondoka mikono mitupu watafutwe hadi makwao. Anzeni na Wairimu.